Jenereta Isiyojaribiwa Si Akiba

Umeme unapoanza kuyumba, wauza jenereta hupata wateja. Mfanyabiashara hulipa, huipeleka stoo, huifunika turubai na kujihesabu kuwa yu salama. Kwa maoni yetu, hesabu hiyo ina kasoro. Kifaa cha dharura ambacho hakijajaribiwa kisiandikwe upande wa mali. Ni fedha iliyolala, na huenda imekwisha kupotea bila mwenyewe kujua.

Mfano mkubwa ulitokea Nairobi. Ijumaa usiku, Agosti 25, 2023, umeme ulikatika karibu Kenya nzima. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta ulikuwa na jenereta za akiba, lakini iliyohudumia baadhi ya kumbi za abiria iligoma kuwaka. Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, aliomba radhi, na mkurugenzi mkuu wa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege akaondolewa kazini. Kifaa kilikuwapo. Kilichokosekana ni uhakika kwamba kingewaka.

Ikiwa hayo hutokea penye mafundi na bajeti, mwenye bucha au duka la samaki ajiulize mapema. Petroli iliyokaa miezi mingi ndani ya tangi huharibika na kuacha uchafu unaoziba kabureta. Betri ya kuwashia huisha nguvu hata isipotumika. Kwa hiyo, mara moja kila mwezi iwashe jenereta, iwe nje, maana moshi wake huua, kisha uipe mzigo wa friji zako kwa nusu saa. Kunguruma tu hakutoshi. Jenereta inayowaka vizuri bila mzigo yaweza kuzimika mara friji ya pili inapounganishwa.

Mtungi wa kuzimia moto nao si pambo la ukutani. Kwenye mitungi ya unga, tazama kama mshale umesimama kwenye rangi ya kijani, na fundi aukague kila mwaka. Ukitumika hata kidogo, ujazwe upya. Mtungi mdogo huisha kwa sekunde chache tu. Msaidizi wa duka asiyejua pini inavyochomolewa atazimaliza sekunde hizo akisoma maelekezo.

Kisha kuna daftari la wadeni, ambalo wengi hulisahau. Moto wa Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, wa Julai 2021, ulionyesha jinsi mali ya miaka inavyoweza kuteketea kwa usiku mmoja. Bidhaa zikiungua, fedha zilizo mikononi mwa wateja bado ni zako, mradi una kumbukumbu. Weka nakala nje ya duka. Kama iko kwenye kompyuta, ijaribu kwa kuifungua kwenye mashine nyingine. Nakala isiyofunguka haidai mtu.

Wapo watakaosema majaribio ni gharama. Ni kweli, yanakula mafuta na muda. Lakini linganisha lita moja au mbili za petroli na friji moja ya nyama iliyooza. Tena, ubovu ukigunduliwa siku ya kawaida, utamwita fundi na kupatana naye bei. Ukigunduliwa usiku wa giza, bei atapanga yeye, kama atapatikana.

Wenye hisa nao wana sehemu yao. Katika mkutano mkuu wa mwaka, usiridhike kusikia kuwa kampuni ina mitambo ya akiba. Uliza ilijaribiwa lini mara ya mwisho, kwa mzigo gani, na matokeo yaliandikwa wapi. Uongozi usio na jibu unahatarisha gawio lako.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Iliyofungiwa stoo bado si tahadhari. Wiki hii, chagua saa ambayo wateja ni wachache, zima swichi kuu, uone duka lako litasimama kwa muda gani.