Ni Nani Mwenye Deni la Moshi?

Mkulima mdogo wa Chepseon au Kedowa, huku Kipkelion, ambaye riziki yake yategemea majani mawili na chipukizi la chai, hana haja ya kuhubiriwa kwamba tabianchi imebadilika, kwa kuwa kiangazi kilikwisha kumwonyesha hayo kwenye mizani ya kituo cha kununulia majani. Anachostahili kujibiwa ni nani aliyesababisha, na nani atakayelipa.

Juu ya sababu, hoja imekwisha. Svante Arrhenius, mwanachuoni wa Uswidi, alihesabu tangu mwaka 1896 kwamba hewa ukaa itokayo katika makaa ya mawe ingeipasha dunia joto, kwani huuacha mwanga wa jua upite, kisha hulizuia joto lipandalo kutoka ardhini. Kabla ya zama za viwanda ilikuwa yapata sehemu 280 katika kila milioni ya hewa; leo imepindukia 420. Na hewa ikizidi joto hubeba mvuke mwingi zaidi, ndipo kiangazi kikakausha kwa ukali, na mvua ikashuka kwa kishindo, kama tulivyoona Aprili na Mei 2024, ilhali mchai wataka mvua ya taratibu iliyogawanyika mwaka mzima.

Kenya haifikii hata sehemu moja katika elfu ya hewa ukaa itokanayo na makaa, mafuta na gesi duniani. Fungu kubwa la ile iliyolimbikana ni la Marekani na Ulaya. Kwa hiyo mfuko wa hasara na uharibifu uliokubaliwa katika mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 si sadaka, ni fidia.

Walakini siafikiani kabisa na wale wanaoifanya dhulma hiyo pazia la kufichia taksiri zetu. Mwaka 2001 ni serikali yetu wenyewe iliyoyatoa maeneo makubwa ya msitu wa Mau, msitu ulioyahifadhi maji na kuupoza upepo wa nchi hii ya chai. Na milima ya Londiani na Tinderet inapovuliwa miti, udongo wake hushuka na mto Nyando hadi kwa jirani zetu wa Kano, ambao mafuriko huwatoa majumbani. Viwanda vyetu navyo hukausha chai kwa kuni, jambo lisilo na lawama kubwa iwapo badala ya kila mkaratusi ukatwao hupandwa mwingine. Wala mvua ya mawe, ambayo Kericho ilipambana nayo kwa roketi tangu miaka ya 1960, tusiibandike yote kwa hewa ukaa, madhali mdai aongezaye hesabu huiponza haki yake.

Baada ya kukiri hayo, dai letu lasimama imara zaidi, nami ningetaka litajwe waziwazi. Mkulima akiambiwa ang'oe michai ya zamani apande aina istahimiliyo ukame, atangoja miaka miwili hadi mitatu kabla ya kuchuma, bila malipo ya mwezi wala bonasi, huku karo za watoto zikimngoja. Miaka hiyo ndiyo ya kulipiwa kwanza kwa fedha za mfuko ule, tena zimfikie mwenye nusu eka, zisiishie katika semina za Nairobi.