Motokaa Kuukuu na Fungu la Nyumba

Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo vijana hutuuliza kila tukutanapo nao, na ambalo wazee wa nyumba hulifikiri usiku bila ya kumwambia mtu. Nalo ni kununua motokaa iliyokwisha tumika, saluni ya wastani, yenye kuwatosha mume na mke na watoto watatu pamoja na mizigo yao. Hatusemi kama mafundi. Twasema kama watu walioinunua motokaa ya namna hiyo, wakakaa nayo Rungwa miaka minne, kisha wakaiuza.

Rungwa, kwa asiyepajua, ni kijiji cha kusini mwa Mkoa wa Singida, karibu na pori la akiba lililotengwa mwaka 1951. Hapo hupita njia itokayo Makongolosi, upande wa Chunya, hata Itigi kwenye reli ya kati, mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Sisi tuliijua njia hiyo ikiwa ya udongo na changarawe: kiangazi ni rasta tupu, masika ni tope. Saluni haikuundwa kwa njia kama hiyo. Lakini mwenye kipato cha kiasi hanunui akipendacho, hununua akiwezacho.

Yetu ilikuwa Toyota Mark II ya mwaka 2001, ile GX110 ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza mwaka 2004. Aliyetuuzia alisema ilikuwa ya mama mmoja, wala haikupata kutoka mjini. Tukasadiki. Tukatazama rangi, tukakalia viti, tukafungua redio. Hatukuuliza habari ya mkanda wa taimingi, kwani hatukujua kuwa upo. Injini ile huendesha valvu zake kwa mkanda wa mpira, na mkanda huo yapasa ubadilishwe kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Wetu ulikatika mwezi wa tatu, magharibi ikiingia, msituni kwenye njia ya Itigi. Tulilala ndani, vioo vimefungwa, tukisikia tembo wakivunja matawi. Asubuhi lori la mahindi likatuvuta. Fundi akafungua silinda hedi, akatuonyesha valvu zilizopinda, akasema kwa upole, "Mzee, mkanda huu umekuja nao toka Japani. Hakuna aliyeugusa."

Basi fedha ya matengenezo hatukuwa nayo. Yote tuliitoa siku ya kununua, tena kwa furaha. Motokaa ikakaa juu ya mawe miezi minne. Katika miezi hiyo mama mkwe akashikwa na homa kali, tukampeleka Itigi kwa basi, amelala katikati ya magunia, na mkewe mwenye nyumba amemshika kichwa njia nzima. Motokaa tuliinunua kwa ajili ya siku kama ile.

Kwa hiyo kijana akitujia na shilingi milioni 10 mkononi, twamwambia atafute motokaa ya milioni saba. Hizo tatu zilizobaki si akiba ya sikukuu. Ni za mkanda, matairi, betri, bushi, shokapu, bima, na gharama za kuhamisha kadi. Na asipopata ya milioni saba iliyo nzima, na angoje. Kuziba pengo kwa mkopo wa riba ni kuingiza nyumbani deni litakalodumu kuliko matairi.

Na kabla ya kutoa senti moja, amlipe fundi wake mwenyewe, si fundi wa muuzaji. Waikute injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyeiwasha mapema kabla hamjafika huenda ana la kuficha. Wachungulie mfuniko wa oili: ukiwa na ute mweupe kama maziwa, huenda maji yanaingia kwenye oili, na hapo ni kushukuru na kuondoka. Wasome namba ya chesisi na ile ya kadi, tarakimu kwa tarakimu. Watazame ubavuni mwa kila tairi, kwenye tarakimu nne za mwisho: 2219 maana yake ni wiki ya 22 ya mwaka 2019. Tairi huzeeka hata likiwa na meno mazuri.

Ada ya leseni ya motokaa ya kila mwaka iliondolewa mwaka 2017, ikahamishiwa katika bei ya mafuta. Aendaye sana hulipa sana. Sisi tuliokuwa na motokaa juu ya mawe tulisamehewa kabisa.

Ilipofufuka, tulibadili mwendo. Chujio la hewa tulilikung'uta kila Ijumaa asubuhi, kwa maana vumbi la Rungwa ni laini kama unga na huila injini polepole. Oili, ambayo wengi huibadilisha kila kilomita 5,000, sisi tuliimwaga kwa 4,000. Rejeta haikunywa tena maji ya mtoni. Na mama watoto akashika daftari: kila lita, kila plagi, kila shilingi ya fundi. Daftari hilo lilituaibisha, kwani lilionyesha kuwa karibu nusu ya petroli yetu ilikwenda katika safari ambazo basi lingetufikisha salama. Harusi peke yake zilikula matairi mawili.

Mwaka wa nne tukaiuza. Giaboksi yake ilikuwa imeanza kuchelewa kushika gia ya tatu ikishapata moto; mtu akiiendesha dakika kumi asingelitambua. Dalali akatunong'oneza, "Ukilisema hilo, mzee, utazeeka na gari lako." Wanavyuoni wameeleza wazi kwamba ajuaye aibu ya bidhaa yake hana ruhusa ya kuificha, nasi tulikwisha lala porini kwa sababu ya mtu aliyenyamaza. Tukalisema. Mnunuzi wa kwanza akaaga, asirudi. Wa pili, mwalimu kijana mwenye mke na mtoto mchanga, akaiendesha saa nzima mpaka ikapata moto, akalisikia lile tulilomwambia, akapunguza bei kiasi cha kutuuma. Tukakubali.

Alipokwisha kuhesabu fedha akaomba na daftari. Mama watoto akasita, kwa kuwa mlikuwamo na hesabu za unga na sukari, kisha akampa. Yule kijana akafungua ukurasa wa mkanda, akauliza ulibadilishwa kwa kilomita ngapi, akaongeza 100,000, akaandika jumla yake pembeni kwa penseli.