Risasi Inayobaki Mtutuni Isiingie Nyumbani

Katika Kiswahili neno risasi lina maana mbili. Ni kile kitokacho katika bunduki, na ni yale madini mazito ya rangi ya kijivu ambayo wavuvi huyafanyia chubwi za mishipi yao. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na maana hizo mbili zimefuatana kwa sababu moja tu: kwa karne nyingi kilichopigwa kwa bunduki kilikuwa ni donge la madini hayo. Mwenye bunduki aghalabu huikumbuka ile maana ya kwanza, akaisahau ya pili. Kumbe hiyo ya pili ndiyo inayoweza kuwadhuru watu wa nyumba yake pasipo mlio wowote kusikika.

Wako raia wengi wenye bunduki zilizoandikishwa kwa mujibu wa sheria: mkulima anayelinda shamba lake dhidi ya nyani na nguruwe mwitu, mlinzi wa ghala, mwanamichezo wa kulenga shabaha. Kila mmoja wao amefundishwa kwamba bunduki isiyosafishwa huharibika. Lakini uchafu wa mtutuni si wa namna moja. Masizi ya baruti hutoka kwa kitambaa na mafuta. Risasi iliyoganda juu ya chuma haitoki hivyo, na hapo ndipo watu wengi huanza kubuni njia za hatari.

Yafaa kwanza ifahamike jinsi risasi inavyoganda. Madini haya ni laini hata ukucha huweza kuyakwaruza, nayo huyeyuka kwa joto la nyuzi 327 za sentigredi. Baruti inapowaka, hewa yenye moto mkali huisukuma risasi katika mtutu wenye mifuo. Ikiwa risasi ni nyembamba kuliko mtutu, hewa ile hupenya pembeni, ikaimega na kuipaka ukutani. Ndiyo sababu watengenezaji huifanya risasi ya bastola iwe nene kidogo kuliko nafasi ya mtutu, kwa kiasi cha inchi 0.001 hivi, tena huipaka nta na mafuta.

Taabu hiyo ndiyo iliyomfanya Eduard Rubin wa Uswisi, mnamo mwaka 1882, atengeneze risasi iliyovikwa ganda la shaba. Mwaka 1886 jeshi la Ufaransa lilipoanza kutumia bunduki ya Lebel, yenye baruti isiyotoa moshi mwingi, mwendo wa risasi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba risasi tupu isingeufaa tena. Kwa hiyo bunduki za kijeshi za siku hizi huacha mtutuni alama za shaba zaidi kuliko za risasi. Lakini bastola nyingi, bunduki ndogo za shabaha za inchi 0.22, magobore, pamoja na bunduki za marisau, zingali zikitumia risasi tupu. Kwa upande wa marisau, vikombe vya plastiki vilivyoenea tangu miaka ya 1960 vimepunguza msuguano, ila havikuuondoa kabisa.

Dalili zake ni michirizi ya kijivu inayong'aa ndani ya mtutu, na shabaha inayozidi kupotoka kadiri mtu anavyopiga. Mahali ilipoganda huonyesha chanzo chake. Ikiwa ni mwanzoni, karibu na pale risasi inapotiwa, yamkini risasi ni nyembamba au ni laini mno. Ikiwa ni karibu na mdomo, yamkini mafuta yake yamekwisha kabla ya mwisho wa safari.

Kuiondoa ni kazi ya subira. Kwanza kabisa, bunduki ifunguliwe na kuhakikishwa kuwa ni tupu, kwa jicho na kwa kidole pia, na risasi zote zihamishwe mahali pengine. Kisha mtutu upakwe mafuta membamba yapenyayo, uachwe kwa saa kadhaa. Halafu itumike brashi ya shaba nyeusi iliyofungwa kwenye mdeki, nayo ipitishwe kutoka nyuma kuelekea mdomoni pale umbo la bunduki linaporuhusu. Ikiwa haitoshi, brashi iliyochakaa izungushiwe nyuzi za shaba nyekundu kama zile za kusugulia masufuria. Shaba ni ngumu kuliko risasi lakini ni laini kuliko chuma cha pua, kwa hiyo huchukua uchafu na kuuacha mtutu salama. Zijaribiwe kwanza kwa sumaku, maana nyingine ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba tu, zikinaswa, hazifai. Magamba yakiisha kutoka, kipitishwe kitambaa mara kwa mara mpaka kitoke safi, na mwisho mtutu upakwe mafuta kidogo kuzuia kutu.

Ziko njia tatu za mkato ambazo hapana budi ziepukwe. Ya kwanza ni kupiga risasi zenye ganda la shaba ili zikombe uchafu. Mtutu uliosongwa na risasi huongeza shinikizo, na bunduki yaweza kuharibika mkononi mwa mpigaji. Ya pili ni kuchanganya siki na haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kuoshea vidonda, na kuijaza mtutuni. Ni kweli kwamba risasi huyeyuka, lakini hugeuka kuwa asetati ya risasi, chumvi ya sumu yenye ladha tamu inayochanganyika na maji upesi. Zaidi ya hayo, siki hula chuma. Ya tatu ni zebaki, ambayo mafundi wa zamani waliitumia kwa kuwa huinasa risasi kama inavyoinasa dhahabu. Katika nchi zenye wachimbaji wadogo wa dhahabu zebaki si vigumu kuonekana, lakini mvuke wake ni sumu ya mishipa ya fahamu, na haifai kabisa kuingizwa katika nyumba ya watu.

Hata njia iliyo salama kwa bunduki huacha swali moja: risasi iliyotolewa imekwenda wapi? Imo katika brashi, katika vitambaa, mikononi, na katika vumbi lililoanguka chini. Hata bunduki ya risasi zenye ganda la shaba haikosi vumbi hilo, kwa kuwa fataki nyingi zinazowasha baruti zina mchanganyiko wa risasi. Ikiwa kazi ilifanyika sebuleni juu ya mkeka, vumbi hilo linamngoja mtoto atambaaye.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara, na kwamba mtoto mdogo huweza kufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutoka chanzo kilekile. Sumu hii hudhuru ubongo unaokua, ikapunguza akili na usikivu wa mtoto darasani, bila homa wala kidonda cha kumshtua mzazi. Hukaa katika mifupa kwa miaka mingi, na mwanamke apatapo mimba hutoka humo ikamfikia mtoto aliye tumboni. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara nchini Nigeria, watoto wasiopungua 400 walikufa baada ya wazazi wao kusaga majumbani mawe ya dhahabu yaliyokuwa na risasi nyingi. Vumbi la bunduki moja halilingani na lile la Zamfara, lakini somo ni lile lile: sumu ya kazi ya baba ilipita mlangoni ikawafikia wana.

Basi kazi hii ifanyike nje, penye hewa, juu ya magazeti ya zamani yatakayokunjwa pamoja na uchafu wake. Mikono ivikwe glavu. Mtu asile, asinywe wala asivute sigara mpaka amenawa kwa sabuni, na nguo alizovaa zifuliwe mbali na za watoto. Ikiwa vumbi limeanguka sakafuni, lisifagiliwe kavu bali lipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Vitambaa na magamba vitiwe katika kopo lenye kifuniko, watoto wasilifikie, nalo litupwe kama taka za sumu. Visitupwe bustanini wala karibu na kisima, wala visitiwe jikoni kuwa kuni. Anayejitengenezea risasi za gobore au chubwi kwa kuyeyusha madini haya asithubutu kutumia sufuria ya chakula, hata kama itasuguliwa ikang'aa.

Mama wa nyumba naye ana sehemu yake. Kanga au kwale aliyepigwa kwa marisau huwa na vipande vidogo visivyoonekana. Nyama iliyozunguka kidonda ikatwe na kutupwa, na marisau yatafutwe kabla ya kutia siki, ndimu au ukwaju, kwa kuwa ukali wake huisaidia risasi kuingia katika mchuzi. Nyama hiyo isiwe chakula cha watoto wadogo wala cha mama mjamzito.

Zaidi ya hayo, mama ana haki ya kukataa bunduki isisafishwe ndani, naye baba asilione katazo hilo kuwa ni kuingiliwa katika mambo ya wanaume. Silaha aliinunua ili kuilinda nyumba; na ulinzi huo haukamiliki mpaka uchafu wa mtutu wake nao umezuiliwa nje ya mlango.