GARI LA UMEME LITAKUWA LA NANI?

Nchini Marekani mabishano juu ya gari la umeme yamefika mahali pa ajabu. Mtu akilinunua, wengine humhesabu papo hapo kuwa mfuasi wa chama cha Democratic. Akilikataa, huhesabiwa kuwa wa Republican. Mwezi wa Juni 2025 Bunge na Rais waliifuta ruhusa ya jimbo la California ya kuyasukuma magari mapya yaache kutoa moshi ifikapo mwaka 2035, na California ikaenda mahakamani. Katika makelele hayo swali la mfanyakazi limefunikwa. Yeye haulizi gari hilo ni la chama gani. Auliza: ni bei gani, nami nitalipataje?

Sisi twaona kwamba swali hilo ndilo lenye haki ya kutangulia. Chombo kipya, kiwe kizuri namna gani, kikiwafikia wenye nacho peke yao hakiwi maendeleo ya taifa. Huwa ni pambo la wachache. Na serikali ikitoa fedha za umma ili kukieneza, hapana budi iulizwe fedha hizo zimeangukia mfuko wa nani.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina chama. Mwezi wa Septemba 2025 bei ya wastani ya gari jipya nchini Marekani, la aina yoyote, ilipita dola 50,000 kwa mara ya kwanza, na la umeme lilikuwa ghali zaidi ya hapo. Kima cha chini cha mshahara kwa sheria ya taifa ni dola 7.25 kwa saa, nacho hakijapandishwa tangu mwaka 2009. Mtu wa kima hicho, akifanya kazi saa 40 kila wiki mwaka mzima bila kukosa, atapata dola 15,080. Basi asile, asivae, wala asilipe pango la nyumba, naye atahitaji zaidi ya miaka mitatu ili alipate gari hilo la wastani. Yako majimbo mengi yenye kima kikubwa zaidi, na wafanyakazi wengi hupata zaidi. Lakini hata mwenye kupata mara mbili ya hapo hana njia nyingine ila kukopa.

Wanaolitetea gari la umeme husema kwamba huokoa fedha: halinywi petroli, wala halihitaji kubadilishwa oili ya injini. Ni kweli. Lakini akiba hiyo huja kidogo kidogo baada ya kununua, na bei hudaiwa siku ya kwanza. Tena akiba hiyo ni ya mwenye nyumba na gereji, atiaye umeme usiku kwa bei ya nyumbani. Mpangaji wa ghorofa ya nne hana pa kuchomeka waya. Hutegemea vituo vya barabarani, ambako kwa kawaida umeme huuzwa ghali zaidi. Sheria ya mwaka 2021 ilitenga dola bilioni 7.5 kwa ajili ya vituo hivyo, lakini mwezi wa Februari 2025 Serikali kuu ilisimamisha sehemu kubwa ya mpango huo, na majimbo yakakimbilia mahakamani. Wakubwa wakigombana hivyo, mpangaji huendelea kungoja.

Sasa tutazame punguzo la kodi, ambalo ndilo lililoleta mabishano makubwa. Sheria iliyotiwa sahihi na Rais Biden mwaka 2022 iliruhusu punguzo la hadi dola 7,500 kwa anunuaye gari jipya la umeme. Waliostahili walikuwa pamoja na mtu mmoja mwenye pato la hadi dola 150,000 kwa mwaka, na mume na mke wenye dola 300,000. Gari lenyewe liliweza kuwa la dola 80,000 likiwa la aina kubwa. Hao si wanyonge! Tena hapo mwanzo punguzo lilikatwa katika kodi aliyodaiwa mnunuzi, na mwenye mshahara mdogo hadaiwi kodi ya kiasi hicho. Msaada uliandikwa kwa jina la wote, ukapokewa na wenye pato kubwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Hata hivyo yafaa tuseme haki. Tangu Januari 2024 mnunuzi aliweza kupewa punguzo lake papo hapo dukani, hata kama kodi yake ni ndogo. Na kwa magari yaliyokwisha kutumika palikuwa na punguzo la hadi dola 4,000, mradi gari lisizidi dola 25,000 na mnunuzi awe mwenye pato la kadiri. Hiyo ndiyo sehemu iliyoelekea kwa mfanyakazi. Ilikuwa ikianza kuzoeleka pale sheria mpya, iliyotiwa sahihi na Rais Trump tarehe 4 Julai 2025, ilipoyafuta yote, jipya na kuukuu, kuanzia mwisho wa Septemba mwaka huo.

Walioyafuta walisema si haki fundi wa kijijini atozwe kodi ili mwanasheria wa mjini apunguziwe bei ya gari lake la pili. Neno hilo lina ukweli ndani yake, na anayelidharau hajui kwa nini wafanyakazi wengi walilisikiliza. Lakini tuwapime wasemaji kwa matendo yao. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mtu kuondoa katika pato litozwalo kodi hadi dola 10,000 kwa mwaka za riba ya mkopo wa gari jipya lililoundwa Marekani. Kwa riba ya dola 8 kwa kila 100, itambidi akope kiasi cha dola 125,000 ili alipe riba ya namna hiyo. Ni fundi gani wa kijijini akopaye hivyo? Ukomo wa pato umewekwa, ni kweli. Lakini mwenye kodi ndogo hupata nafuu ndogo, na mwenye kununua gari kuukuu hapati kitu. Basi lililofutwa si upendeleo. Upendeleo umehamishwa chumba tu.

Twaja kwenye jambo lililo gumu kuliko yote. Gari la umeme la bei nafuu lipo duniani. Kampuni ya BYD ya China ilipunguza bei ya gari lake dogo liitwalo Seagull mwaka 2024 hata likaanzia yuan 69,800, yaani chini ya dola 10,000. Mmarekani haruhusiwi kulifikia. Rais Biden alipandisha ushuru wa magari ya umeme ya China kutoka asilimia 25 hadi asilimia 100 mwaka 2024, na Rais Trump aliyemfuata hakuuondoa. Vyama viwili visivyoafikiana juu ya lolote vimeafikiana juu ya ukuta huu.

Je, ukuta huo ni kosa? Sisi hatusemi hivyo. China ilivilea viwanda vyake kwa fedha za serikali miaka mingi, na mfanyakazi wa Detroit au Flint hawezi kuambiwa ashindane peke yake na hazina ya taifa zima. Mwaka 2023 chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kiligoma kwa muda wa wiki sita hivi dhidi ya Ford, General Motors na Stellantis kwa pamoja. Wanachama wake walipata nyongeza ya msingi ya asilimia 25 hadi mwaka 2028, na General Motors ikakubali kuwaingiza wafanyakazi wa viwanda vya betri katika mkataba wake mkuu. Ushindi huo si wa kuuzwa kwa gari la bei rahisi. Mfanyakazi ni mnunuzi, lakini kabla ya kuwa mnunuzi yu mwenye kazi.

Lakini ukuta ni deni. Anayelindwa na taifa hudaiwa na taifa. Ikiwa wananchi wamefungiwa gari la dola 10,000, wana haki ya kuwauliza wenye viwanda: la kwenu la bei nafuu li wapi? Mwezi wa Desemba 2023 General Motors iliacha kuunda Chevrolet Bolt, gari la umeme lililoanzia chini ya dola 27,000, na kiwanda chake cha Orion, Michigan, kikapangiwa malori madogo ya umeme, yaliyo ghali zaidi. Baadaye, mwaka 2025, mpango ukabadilika tena na kiwanda kikaelekezwa kwenye malori ya petroli. Bolt imerudishwa kwa bei ya karibu dola 29,000, lakini kampuni yenyewe imesema ni kwa muda tu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na mwenye kiwanda akilindwa bila masharti, hufuata faida kubwa na kumsahau mnunuzi mdogo.

Wako waliojaribu njia nyingine. Ufaransa, mwanzoni mwa mwaka 2024, iliwakodisha wafanyakazi wa kipato kidogo magari ya umeme kwa kiasi cha yuro 100 kwa mwezi, ikiwatanguliza wanaokaa mbali na kazi zao. Serikali ililipa hadi yuro 13,000 kwa kila gari. Ilitazamia maombi 20,000 au 25,000. Yakakubaliwa 50,000, na mlango ukafungwa mwezi wa Februari, ukafunguliwa tena mwishoni mwa Septemba 2025. Gharama ni kubwa, hatukatai. Lakini wanaosema kwamba mfanyakazi halitaki gari hilo wamejibiwa na watu 50,000.

Ndugu wafanyakazi, mambo haya si ya Marekani na Ulaya peke yake. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ichimbwayo duniani hutoka Kongo, na huko Kolwezi mchimbaji huzungumza Kiswahili kama sisi. Mwezi wa Februari 2025 Serikali ya Kongo ilisimamisha kuuza kobalti nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, na mwezi wa Oktoba ikaanza kuigawa kwa viwango maalumu. Lakini betri nyingi za magari ya rahisi ya Kichina hazitumii kobalti. Basi bei iamuliwapo katika duka la mbali, mkate wa mtu wa Kolwezi huamuliwa pamoja nayo, naye hakuulizwa.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Fedha za umma zimfuate mwenye pato dogo, zimfikie siku ya kununua, na zilihesabu gari kuukuu sawa na jipya. Ushuru wa kulinda viwanda uwekewe muda na sharti: kwamba nyuma ya ukuta litoke gari ambalo aliyelifunga boliti zake aweza kulinunua. Vituo vya umeme vitangulie mitaa ya wapangaji. Chama kitakachoyakubali hayo, kiwe cha upande wowote, kitakuwa kimejibu swali. Kitakachoyakataa kiache kusema kwa jina la mfanyakazi.