Alama Maalumu na Dhima ya Mshika Amana

Mtu atakaye leo kufungua akaunti ya benki, kuomba hati ya serikali au kuandikisha jina lake chuoni kwa njia ya kompyuta, aghalabu hukutana kizingitini na amri iliyokwisha kuwa mashuhuri: neno la siri liwe na herufi zisizopungua nane, baadhi yake kubwa na baadhi ndogo, liwe na tarakimu, na juu ya hayo yote liwe na walau alama moja maalumu, kama vile nyota, reli, alama ya dola au ya mshangao. Akikosa sharti moja, maandishi mekundu humrudisha nyuma. Akiyatimiza yote, huambiwa kwamba neno lake lina nguvu. Watu wengi wameipokea amri hii kama waipokeavyo mvua na jua, na ni wachache waliouliza ilitoka wapi, inamlinda nani, na ni nani alipaye gharama yake.

Asili yake haikuwa upuuzi. Maneno ya siri ya kompyuta yalianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika chuo cha MIT nchini Marekani, ambako Fernando Corbató na wenzake walitengeneza mfumo wa kuwawezesha watu wengi kushiriki mashine moja, kila mmoja na mafaili yake. Haukupita muda mrefu udhaifu ukadhihiri: mwaka 1962 mtafiti mmoja wa chuo hicho, Allan Scherr, akitamani muda mwingi zaidi wa kutumia mashine kuliko aliogawiwa, aliagiza faili lenye maneno ya siri ya watu wote lichapishwe, akajitwalia. Katika kisa hicho hapakuwa na neno hata moja lililokisiwa. Ghala lenyewe ndilo lililoachwa wazi. Walakini uchunguzi wa baadaye ulielekea zaidi kwa watumiaji. Robert Morris na Ken Thompson wa maabara ya Bell walipotangaza mwaka 1979 matokeo ya kuchungua maneno ya siri 3,289, walionyesha kwamba asilimia 86 yalikuwa mepesi kukisiwa, ama kwa ufupi wake, ama kwa kuwa ya herufi ndogo tupu, ama kwa kupatikana katika kamusi na orodha za majina. Mwaka 2004 Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilitoa mwongozo, ambao Bill Burr alikuwa mwandishi wake mkuu, uliotia nguvu fikira ya kuchanganya aina za herufi, na idara na makampuni katika nchi nyingi yakaishika kama sheria.

Hoja ya wanaoitetea sheria hiyo ni ya hisabu, nayo yastahili kusikilizwa kwa insafu. Herufi kubwa, herufi ndogo na tarakimu, zote pamoja, ni 62; tukiongeza alama maalumu na nafasi tupu tunapata 95. Neno la herufi nane lililoundwa kwa zile 62 laweza kuwa moja kati ya maneno yapatayo trilioni 218, ilhali kwa zile 95 idadi hupanda hata trilioni 6,634, yaani mara thelathini na zaidi. Nani asiyeutaka mlango ulio mgumu mara thelathini? Lakini hisabu iyo hiyo, tukiifuata hatua moja mbele, yatufundisha jambo jingine: tukiziacha alama zote na kuongeza herufi moja tu ya kawaida, neno likawa la herufi tisa badala ya nane, tunafika trilioni 13,537, ambayo ni maradufu ya faida yote iliyoletwa na alama. Na mtu akitumia herufi ndogo tupu, asiguse hata tarakimu, lakini neno lake likawa na herufi kumi na mbili, amekwisha kupita trilioni 95,000. Urefu, basi, ndio wenye kuzaa nguvu; alama ni msaidizi wake tu.

Fauka ya hayo, hesabu zote hizo zimejengwa juu ya dhana moja, kwamba kila herufi imechaguliwa kwa nasibu, na dhana hiyo haioani na tabia ya binadamu. Mtu akiamrishwa kutia alama hatupi kete. Huchukua neno alilolizoea, mathalani Karibu, akageuza herufi ya pili kuwa @, akatia tarakimu moja mwishoni na alama ya mshangao baada yake, akaona amefanya hila ambayo haikumpitikia mtu mwingine. Kumbe hila hiyo wameifanya wengi sana, na programu za kuvunjia maneno ya siri, kama John the Ripper na Hashcat, zina kanuni zilizokwisha kuandikwa za kubadili a kuwa @, s kuwa dola, na kutia mwaka au mshangao mwishoni. Mwezi wa Disemba 2009 kampuni ya RockYou ilipoibiwa maneno ya siri zaidi ya milioni 32, yote yakiwa yamewekwa bila ya kufumbwa, wezi na watafiti kwa pamoja walipata darasa la jinsi watu wanavyofikiri waundapo siri zao. Hivyo sharti limetimizwa, mashine imeridhika, na mwizi hakucheleweshwa.

Na gharama? Hulipwa na mtumiaji. Mwenye kuandika kwa simu ndogo hulazimika kufungua kurasa mbili za vibonye kuitafuta alama moja. Aliyezoea kibodi ya Kifaransa, ambayo ni ya kawaida Bujumbura na Lubumbashi, huikuta @ mahali pengine kabisa akikaa mbele ya kibodi ya Kiingereza. Mzee asiyeweza kukumbuka kama ilikuwa reli au nyota humpa kijana wa dukani neno lake amwandikie, na karani mwenye mifumo mitano hulitumia neno moja katika yote mitano, ili asilemewe. Sheria iliyokusudiwa kuihifadhi siri ndiyo inayoitoa nje.

Yamkini mtu akasema kwamba sharti likiondolewa, watu watarejea kwenye 123456. Hofu hiyo ina msingi, ila dawa yake si alama. Mfumo waweza kuwa na orodha ya maneno yaliyokwisha kuvuja na kuyakataa yote, jambo ambalo sharti la alama haliwezi, kwa kuwa P@ssw0rd1! hutimiza kila sharti na bado ni miongoni mwa maneno ya mwanzo kujaribiwa. Wala sisemi kwamba alama zipigwe marufuku. Atumiaye programu ya kumtungia na kumhifadhia maneno ya siri hupata faida halisi kwa alama hizo, maana mashine huchagua kwa nasibu. Huyo aruhusiwe kuzitumia zote. Kuruhusu ni jambo moja, kushurutisha ni jingine.

Ushahidi wa karibu zaidi umo mifukoni mwetu. Namba ya siri ya M-Pesa ina tarakimu nne, kwa hiyo haizidi namna 10,000, hesabu ambayo kompyuta huimaliza kufumba na kufumbua. Mbona basi akiba za watu haziibwi kwa kukisia? Ni kwa kuwa mwenye mtambo amejitwika kazi: akosaye mara chache hufungiwa, na namba hiyo yahitaji laini ya simu yenyewe kuwapo mkononi. Matapeli wakageukia njia nyingine, ya kumpelekea mtu ujumbe wa kumtaka ile hela aitume kwenye namba hii, na mtego huo hauzuiliwi na nyota wala dola.

Hapa ndipo kiini cha shauri. Sharti la alama maalumu limedumu kwa sababu ni rahisi kwa anayeliweka: huiondolea taasisi dhima na kuitia kichwani mwa mteja, ili siku ya maafa isemwe kwamba mteja alichagua neno dhaifu. Bill Burr mwenyewe alikiri mwaka 2017 kwamba anajutia sehemu kubwa ya ushauri wake, na mwaka huo taasisi ya Marekani ikashauri masharti hayo yaachwe. Katika toleo la mwaka 2025 imeyakataza kabisa, ikataka neno litumikalo peke yake lisipungue herufi kumi na tano. Nchini Uingereza, kituo cha taifa cha usalama wa mtandao hupendekeza maneno matatu ya nasibu yaunganishwe, ambayo mtu huweza kuyakumbuka.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022 za kulinda taarifa binafsi zimekwisha kumtaka mwenye kuhifadhi taarifa za watu azilinde ipasavyo. Tafsiri ya wajibu huo katika mlango wa maneno ya siri iko wazi: ayafumbe kwa namna isiyofumbulika, kila neno likiongezewa kwanza herufi zake za nasibu, azuie majaribio yasiyo na kikomo, akatae yaliyovuja, akubali maneno marefu na nafasi kati yake, na atoe kinga ya pili kwa mambo mazito. Mtumiaji naye ana lake, nalo ni neno refu, lisilorudiwa mahali pengine, asilopewa mtu. Taasisi iliyotimiza hayo haihitaji kumhesabia mteja alama zake, na isiyoyatimiza haina haki ya kumdai hata moja.