Tumbusi Asirushiwe Jiwe

Wapo wapiga picha wanaomrushia tumbusi jiwe ili wampate akiruka. Sikubaliani nao. Huku Nyanungu, jirani na Mto Mara, ndege huyu mzito hungoja jua liipashe ardhi joto, ndipo abebwe na hewa inayopanda. Akishtuliwa alfajiri hulazimika kupiga mbawa kwa nguvu, na mzoga huachiwa fisi. Tumbusi mgongo-mweupe amehesabiwa tangu mwaka 2015 kuwa hatarini kabisa kutoweka. Mlo mmoja kwake si jambo dogo. Heri mwanafunzi angoje hadi saa nne, upepo na jua vikiwa mgongoni mwake, maana ndege huruka akiukabili upepo. Kamera ipokee mwanga kwa 1/1000 ya sekunde, na mbele ya mdomo ibaki anga tupu.