Akiba Hii Huoza

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa nafaka iliyokaushwa vyema, huenda ni kweli. Kwa nakala za barua pepe zinazotunzwa katika seva ya chuo cha tiba, methali hiyo haina budi kusomwa kwa tahadhari.

Barua pepe za chuo cha tiba si salamu na mialiko ya vikao pekee. Humo hupita majibu ya maabara, rufaa, ushauri wa daktari bingwa kwa mwenzake wa wilayani, na maswali ya wagonjwa wenyewe. Zikipotea, mgonjwa aweza kutolewa damu upya kwa kipimo alichokwisha kukilipia, au matibabu yake yakacheleweshwa.

Haitoshi msimamizi wa seva kusema kwamba nakala zipo. Aulizwe zipo wapi. Nakala iliyomo katika seva ile ile, au katika chumba kile kile, itaungua pamoja na asili yake. Februari 2011, hitilafu katika programu mpya ya Google ilifuta barua za sehemu ndogo ya watumiaji wa Gmail, ingawa kampuni ilikuwa na nakala katika vituo mbalimbali. Zilizookoa barua hizo ni kanda za sumaku zilizotunzwa nje ya mtandao, mahali ambapo hitilafu haikuweza kufika.

Aulizwe pia lini nakala hizo zilijaribiwa. Hakuna mhudumu anayeamini mtungi wa oksijeni bila kutazama kipimo chake. Vivyo hivyo, nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni tumaini tu. Kurejesha sanduku la barua la mtumiaji mmoja kila mwezi, kwa idhini yake, ni kazi ndogo inayofichua kasoro mapema.

Hata hivyo, nakala huhifadhi pia siri. Barua ambayo daktari ameifuta huendelea kuishi ndani ya akiba, pengine kwa miaka, mbele ya macho ya fundi asiyemjua mgonjwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Unyeti huo hauishi kwa sababu taarifa zimehamishiwa kwenye kanda au diski ya akiba.

Kwa hiyo nakala zastahili kutunzwa kama jalada la mgonjwa: mbali na hatari, zikiwa zimefungwa kwa msimbo, wanaoruhusiwa kuzifungua wakijulikana kwa majina, na muda wa kuziteketeza ukiwa umeandikwa. Wahudumu nao wapunguze kuweka majina na majibu ya wagonjwa katika barua za kawaida. Gharama ya diski moja ya ziada na saa chache za fundi ni ndogo. Mgonjwa hana njia ya kukagua seva. Amewaachia wengine kazi hiyo, na ana haki ya kuiona imefanywa.